Mahindi Hupimwa kwa Chumvi, Kiwanja Hupimwa kwa Nini?

Kila mwisho wa mwezi, katika mitaa ya Nairobi na miji iliyo jirani nayo, huonekana mikokoteni na magari madogo ya mizigo yamepakiwa vitanda, meza, masufuria na magodoro. Hao ni watu wanaohama. Wengine huhama kwa sababu kodi imepanda, wengine kwa sababu watoto wameongezeka na chumba hakiwatoshi. Wachache, ambao wamejinyima miaka mingi, huhama kwa sababu wamepata nyumba yao wenyewe. Hao wa mwisho hutazamwa na rafiki zao kwa furaha, na pengine kwa tamaa kidogo, maana hakuna jambo linalomtia mtu mawazo ya kununua kiwanja kama kumwona mwenzake akifungua mlango ambao hadaiwi kodi yake.

Tamaa hiyo ni njema, lakini ikimharakisha mtu huweza kumpotezea akiba ya maisha yake yote. Mazungumzo ya marafiki waliokutana Ruiru siku moja ya Jumamosi yafaa kufikiriwa na kila mkulima na kila karani anayeweka fedha kwa ajili ya nyumba.

WAGENI NA VYAKULA VYAO

Mwenye nyumba ni karani aliyefanya kazi mjini Nairobi kwa miaka 16. Muda huo wote alipanga Pumwani, katika vyumba viwili vya bibi mmoja mzee. Kwa mkopo wa chama cha akiba alinunua kiwanja, kisha akajenga chumba baada ya chumba kadiri mshahara ulivyoruhusu. Juma hilo alikuwa amehamia pamoja na mkewe na watoto wao watatu, ijapokuwa dari haijawekwa bado na kuta za nje hazijapakwa rangi.

Wageni walikuwa watatu. Wawili walisoma naye shule moja ya bweni: mmoja ni mkulima wa chai kutoka Murang'a, na wa pili ni mwalimu ambaye hata sasa anapanga nyumba Nairobi. Wa tatu alikuwa yule bibi wa Pumwani, aliyekuja kuona mahali ambapo wapangaji wake wa miaka mingi wamekwenda kukaa.

Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mkulima alileta gunia la mahindi, debe la maharagwe na mkungu wa ndizi. Bibi alileta kikapu cha mahamri aliyoyakaanga alfajiri, yakinukia iliki, pamoja na sufuria ya mbaazi za nazi. Mwalimu, ambaye hana shamba mjini, alileta sukari na majani ya chai.

"Mwalimu," mkulima akamwambia huku akicheka, "wamletea mkulima wa chai majani ya dukani?"

"Nimemletea mwenye nyumba, si wewe," mwalimu akajibu. "Wewe utakunywa kama mgeni."

Mke wa karani alikuwa amepika githeri. Mahindi na maharagwe aliyaloweka tangu jioni ya siku iliyotangulia, akamwaga maji yale asubuhi, akayachemsha kwa moto mkali, kisha akayaacha yaive polepole. Alieleza kwamba vitu vilivyolowekwa huiva mapema na makaa hupungua, jambo ambalo mtu mwenye deni la ujenzi hawezi kulidharau. Alitia vitunguu, nyanya na majani ya dania, na wageni wote wakaomba kuongezwa.

"Shemeji," akasema mwalimu, "mimi hununua githeri kibandani kila siku, lakini haina ladha hii."

"Ya kibandani hushibisha, Mwalimu," akajibu, "ila hujui mahindi yake yalilala wapi."

Jibu hilo lilipita kama mzaha, lakini baadaye lilirudi katika mazungumzo kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia.

KUPANGA NA KUMILIKI

Baada ya chakula mkulima alitoa habari zake. Alisema kwamba zamani alidhani mtu mwenye shamba kwao hana haja ya nyumba karibu na mji. Sasa watoto wake wawili wanasoma Juja, na kodi ya chumba chao yamtoka kila mwezi. Kwa hiyo ametafuta kiwanja huko huko Juja, akakipata kwa Sh. 800,000. Jumatatu atalipa Sh. 300,000 za kwanza kutoka katika bonasi ya chai.

"Mwenye kiwanja amenionyesha cheti cha hisa na risiti," akasema. "Ameniambia nisichelewe, maana kuna watu wengine watatu wanaokitaka."

Mwalimu hakumpongeza upesi. Alisema kuwa kupanga si aibu, na kumiliki si kupumzika. "Bomba likipasuka kwangu, namwita mwenye nyumba. Je, Bwana Karani, wewe utamwita nani?"

"Nitajiita mwenyewe," akajibu karani, na wote wakacheka. Hata hivyo alikubali kwamba neno hilo ni la kweli. Akawahesabia mambo yaliyomla fedha baada ya kuta kusimama: tangi la maji, shimo la choo, nyaya za umeme, na mabati mawili yaliyong'olewa na upepo kabla hajahamia. Anayenunua kiwanja kwa senti yake ya mwisho, alisema, huwa amenunua nyasi tu.

Mwalimu aliongeza kwamba tangu Machi 2024, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, mshahara wake hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Watu wengine shuleni kwake hudhani kwamba makato hayo yatawapa nyumba siku moja bila wao kufanya neno lolote. Sivyo. Anayetaka nyumba hizo sharti ajiandikishe na kuweka akiba ya malipo ya kwanza, kisha angoje zamu.

Yeye mwenyewe alikulia Dandora. Mradi wa mtaa huo ulianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1975. Watu hawakupewa nyumba zilizokwisha. Walipewa viwanja vilivyopimwa, vyenye maji na choo, wakajenga vyumba wenyewe kidogo kidogo. "Baba alijenga kwa miaka mingi," akasema, "lakini hakulala macho kwa hofu ya kufukuzwa, kwa sababu namba ya kiwanja ilikuwa imeandikwa."

NYUMBA BILA ARDHI

Hapo yule bibi, aliyekuwa kimya muda mrefu, akatua kikombe chake.

"Wanangu," akasema, "nyumba ni kitu kimoja, na ardhi iliyo chini yake ni kitu kingine. Mama yangu alikuwa na nyumba Pangani. Aliijenga kwa fedha zake, akapangisha vyumba, akalisha watoto. Siku walipoambiwa waondoke, nyumba yake haikumsaidia neno."

Habari hiyo ni ya kweli katika historia ya Nairobi. Pangani kilikuwa kijiji cha Waafrika tangu miaka ya mwanzo ya mji. Wengi wa wakazi wake walikuwa na nyumba zao, na miongoni mwao walikuwamo wanawake waliojitegemea kwa kupangisha vyumba. Lakini ardhi haikuwa yao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji kilibomolewa, na watu wakahamishiwa Pumwani na katika mtaa mpya wa Shauri Moyo. Pumwani yenyewe, iliyoanzishwa mapema katika miaka ya 1920, ilikuwa mahali ambapo Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba juu ya ardhi ya manispaa. Kuta zilikuwa zake, na udongo ulikuwa wa mwingine.

"Mama alihama na vitu vyake juu ya mkokoteni," bibi akaendelea. "Alibeba mlango na madirisha. Alisema, hivi nilivinunua, siviachi. Usiku wa kwanza katika mahali pageni alikaanga mahamri, ili watoto tuliozaliwa baadaye tuambiwe kwamba siku ile watu walikula."

Mwalimu aliwakumbusha kwamba mambo ya namna hiyo hayakuishia zamani. Mnamo Oktoba 2023, huko Mavoko karibu na Athi River, nyumba nyingi zilibomolewa baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ni mali ya kampuni ya saruji. Miongoni mwa waliobomolewa walikuwamo watu waliojenga nyumba imara za mawe, na waliosema kwamba walinunua viwanja vyao kwa fedha halali.

Mkulima alisikiliza, lakini alisema kwamba muuzaji wake ni mtu anayejulikana, tena ni mwenye sura ya heshima. Mazungumzo yakageukia mambo mengine.

CHUPA NA CHUMVI

Mke wa karani alitaka gunia la mahindi liingizwe ndani kabla ya mvua. Alikuwa ametandaza vipande vya mbao katika pembe ya stoo. Alieleza kwamba sakafu ya sementi, hasa iliyo mpya, hupandisha unyevu, na gunia likikaa juu yake huanza kuvunda upande wa chini ambako jicho halifiki. Gunia halifai kuegemea ukuta pia.

"Usihofu, shemeji," akasema mkulima kwa fahari. "Mahindi hayo nimeyapima mwenyewe."

Watoto wakataka kujua yanapimwaje, naye akawaonyesha. Aliomba chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko, akatia chumvi kavu kijiko kimoja, akatia mahindi hata kufika robo ya chupa. Akaifunga, akaitikisa kwa dakika chache, kisha akaiacha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi yangali mabichi na hayafai kuwekwa. Ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hata hapo, alisema, yeye huyaanika tena juani siku mbili juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa kuwa kiwango kinachotakiwa kwa akiba ni asilimia 13.5.

Chumvi yote ilianguka chini, na watoto wakapiga makofi.

Bibi aliuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa gunia moja la zawadi. Mkulima akajibu kwa uzito. Alikumbuka mwaka 2004, ambapo mahindi yaliyowekwa na unyevu yaliota ukungu katika sehemu za Makueni na Kitui, na sumukuvu ikaingia ndani yake. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa. Waliokufa walikula chakula cha nyumbani kwao, kilichopikwa na watu waliowapenda.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi sipokei mahindi ya mtu bila kuyapima, hata akiwa ndugu yangu wa tumbo moja. Si kwamba simwamini yeye. Siuamini unyevu."

Bibi akamtazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "mahindi ya ndugu yako wayapima kwa chupa na chumvi. Na kiwanja cha laki nane, cha mtu ambaye si ndugu yako, umekipima kwa nini? Kwa sura yake?"

Mkulima hakuwa na jibu. Mwalimu alitaka kucheka, akajizuia.

KAMA KARANI ALIVYOFANYA

Ndipo karani akaeleza jinsi alivyofanya mwenyewe, akiyataja mambo hayo moja moja.

Kwanza, cheti cha hisa si hati ya ardhi. Katika nchi hii makampuni na vyama vingi vya kununua ardhi viliwauzia wanachama hisa, nao wakaonyeshwa viwanja. Mwanachama huyo ana haki fulani kwa kampuni, lakini mpaka ardhi ipimwe, igawanywe na kuandikwa kwa jina lake, kitabu cha Serikali hakimjui yeye.

Pili, mnunuzi na aombe namba ya hati, apeleke maombi katika ofisi ya usajili wa ardhi, naye atapewa taarifa rasmi ya kile kilichoandikwa: mwenye ardhi ni nani, ukubwa wake ni nini, kama imewekwa rehani, na kama kuna zuio juu yake. Ada yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya kiwanja. Tena asitosheke na jina lililoandikwa leo tu, bali aulize ardhi hiyo ilitoka wapi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika shauri la kiwanja cha Mombasa, kwamba hati peke yake haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ilikuwa ya umma na ilitolewa hapo kwanza kinyume cha sheria.

Tatu, aende kiwanjani pamoja na mpima ardhi aliyeidhinishwa, walinganishe ramani na mawe ya mpaka. Wengine wameonyeshwa kiwanja kizuri kilicho kando ya barabara, na kumbe namba waliyoinunua ni ya bondeni. Yafaa pia kuzungumza na majirani, na mzee wa mtaa.

Nne, ikiwa ni ardhi ya kilimo, sharti Bodi ya Udhibiti wa Ardhi itoe kibali, na maombi yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Pasipo kibali mapatano hayana nguvu. Fedha zilizolipwa zaweza kudaiwa kama deni, lakini kumdai mtu aliyekwisha kuzila ni kazi nyingine.

Tano, muuzaji akiwa ana mke au mume, mwenzake naye akubali. Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mali ya ndoa katika ndoa ya mke mmoja haiuzwi bila idhini ya wote wawili.

Sita, mapatano yaandikwe na wakili wa mnunuzi mwenyewe, na fedha zipitie benki. Mnunuzi akumbuke vilevile ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa kiwanja cha Sh. 800,000 hiyo ni Sh. 32,000 au Sh. 16,000 juu ya bei.

"Na wewe," mke wa karani akamwuliza mkulima kwa upole, "Mama Watoto anajua habari za kiwanja hiki?"

Mkulima alikiri kwamba alitaka kumpa habari siku ya kupata hati.

"Majani hayo ya chai aliyachuma nani, shemeji?"

Akajibu kwamba waliyachuma pamoja. Karani hakusema neno, ila alileta nakala ya hati ya kiwanja chake mwenyewe. Yalikuwamo majina mawili, lake na la mkewe.

YALIYOONEKANA JUMATATU

Jumatatu mkulima hakwenda benki. Alimpigia simu muuzaji, akaomba namba ya hati na siku saba za kuchunguza. Muuzaji alikasirika, akasema kwamba watu wa siku hizi hawana imani, na kwamba kiwanja kitachukuliwa na wengine kabla ya jioni. Mkulima akamjibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi na kichukuliwe.

Baada ya siku mbili alipewa namba. Taarifa ya ofisi ya ardhi ilionyesha kwamba namba ile si ya kiwanja kimoja, bali ni ya shamba lote ambalo halijagawanywa. Ardhi ilikuwa bado kwa jina la kampuni, na juu yake kulikuwa na zuio la mahakama kwa sababu ya ugomvi wa wanachama. Muuzaji hakuwa mwongo katika kila neno. Alikuwa na hisa zake kweli, na pengine yeye mwenyewe amengoja hati kwa miaka mingi. Lakini hakuweza kumpa mtu mwingine kitu ambacho hajakipata.

Mkulima alikwenda nyumbani, akamweleza mkewe habari zote tangu mwanzo. Mkewe alinyamaza kwanza, kisha akauliza swali moja tu: kama zile Sh. 300,000 zingali benki. Alipoambiwa kwamba zipo, alisema wangoje bonasi ya mwaka ujao, watafute pamoja, na kwamba safari hiyo yeye ndiye atakayekwenda ofisi ya ardhi.